Nakala ya Talaka Huombwa Siku ya Hukumu

Kurudufu hukumu ya kurasa nane, kuigonga muhuri wa mahakama na kuitia sahihi ni kazi ya nusu saa. Pamoja na hayo, wengi wanaofuatilia nakala ya talaka hungoja wiki, wengine miezi, na wapo wanaochoka njiani wakaacha harusi iahirishwe au mkopo uwapite. Muda huo wote huliwa na kutafuta: ni mahakama gani iliyosikiliza shauri, mwaka gani, kwa namba ipi, jalada liko rafu ipi. Mara nyingine utafutaji huo huishia kwenye kugundua kwamba kinachotafutwa hakijawahi kuandikwa popote. Kwa hiyo anayeuliza itamchukua muda gani, jibu lake analishika mwenyewe anapofika dirishani: ni zile karatasi alizokuja nazo, au alizokosa kuja nazo. Ushauri wangu ni kwamba nakala ya talaka iombwe siku hukumu inaposomwa, na isingojwe hadi siku benki, boma au ubalozi utakapoidai. Aliyekwisha kuchelewa naye ana njia, ila njia yake ni kufupisha utafutaji, maana hapo ndipo muda unapopotelea.

Naanza na Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazigusa ndoa zote: za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za bomani. Watu huachana, kila mmoja akashika njia yake, na karatasi hawaikumbuki mpaka maisha mapya yawadai uthibitisho wa kufungwa kwa yale ya zamani. Anayetaka kuoa au kuolewa tena hutoa taarifa ya kusudio la ndoa siku 21 kabla, na humo anatakiwa kueleza kama aliwahi kuwa na ndoa na iliishaje. Anayeomba mkopo kwa rehani ya nyumba ataulizwa ridhaa ya mwenzi wake, kwa sababu Sheria ya Ardhi inamlinda mwenzi; kama kumbukumbu zinaonyesha alikuwa na mke, benki itataka ama sahihi ya mke huyo ama hati inayosema si mke wake tena. Anayeomba viza ya kumfuata mume mpya nje ya nchi atadaiwa hati ya talaka ya mume wa kwanza. Na kwenye mirathi, mtalaka wa marehemu akijitokeza kudai kuwa bado alikuwa mke halali, mbele ya hakimu watasikika wale wenye hukumu mkononi kuliko wale wanaokumbuka tu. Mahitaji haya yote yana sura moja: huja ghafla, huja na tarehe ya mwisho, na huja miaka mingi baada ya shauri kwisha.

Kabla ya kuuliza muda, mtu ajue anaomba nini, kwa kuwa neno talaka linabeba karatasi zaidi ya moja. Kuna hukumu, yaani maelezo ya hakimu kuhusu madai, ushahidi na sababu za uamuzi. Kuna tuzo, hati fupi inayotaja kile mahakama ilichoamua: ndoa imevunjwa, mali igawanywe vipi, watoto wakae kwa nani na watunzwe na nani. Kuna mwenendo wa shauri, kumbukumbu ya yale yaliyosemwa siku hadi siku, ambao ni mrefu na ndio unaochukua muda zaidi kuandaliwa. Halafu kuna cheti cha talaka kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, baada ya tuzo kusajiliwa huko. Anayetaka kufunga ndoa mpya hahitaji kurasa mia za mwenendo. Anahitaji tuzo, hukumu na, ikiwezekana, cheti. Anayekata rufaa ana mahitaji mengine. Mtu anayeandika barua kuomba "nakala za kesi yangu" bila kusema zipi amejiongezea wiki kwa kalamu yake mwenyewe, kwa sababu karani atasubiri mwenendo mzima uchapwe ndipo amwite.

Asome pia hukumu inasema nini hasa. Mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana bila kuvunja ndoa, na wapo wanaotoka mahakamani na amri hiyo wakiamini wameachika. Miaka ikipita, mtu hufuatilia nakala kwa taabu, akaipata, kisha akaambiwa bomani kwamba karatasi aliyoshika inasema bado ni mke au mume wa mtu. Kuna dakika chache za kusoma ambazo hazina mbadala, nazo ni zile za siku nakala inapopokelewa.

Sasa jalada liko wapi? Hapa ndipo penye ugumu wa kwanza. Sheria ya Ndoa imezipa mamlaka mahakama nne kusikiliza shauri la ndoa tangu mwanzo: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Talaka mbili za mtaa mmoja, za mwaka mmoja, zinaweza kuwa na majalada kwenye majengo mawili tofauti. Dar es Salaam, tangu 2021, mashauri ya ndoa na mirathi yalianza kupelekwa kwenye Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Temeke, ambako ngazi hizo zote za mahakama ziko chini ya paa moja. Kwa hiyo mtu aliyefungua shauri mahakama ya jirani na kwake akarudi hapo baadaye anaweza kuambiwa kwamba jalada lilihamia Temeke. Halafu kuna rufaa. Shauri likikatiwa rufaa, jalada la Mahakama ya Mwanzo huitwa na mahakama ya juu, na linaweza kukaa huko muda mrefu baada ya rufaa kuamuliwa. Karani wa chini akisema halipo, hasemi uongo. Lipo ngazi nyingine, na swali la kumuuliza ni lilitoka lini na kwa barua gani. Rejista ya kutoa majalada huwa na jibu, ila ni lazima mtu aombe ifunguliwe.

Nikipewa hali ya mtu naweza kumshauri ajipangie muda gani. Mwenye namba ya shauri, mwaka na jina la mahakama, na hukumu yake ni ya miaka ya karibuni, ajipangie siku kadhaa hadi wiki mbili tatu, kutegemea kama hukumu imekwisha chapwa na kusahihishwa. Mwenye majina na mwaka wa kukisia tu aongeze wiki kadhaa juu ya hizo, kwa kuwa mtu wa masijala itabidi apitie rejista mstari kwa mstari. Kila mstari una namba, majina ya wadaawa, tarehe ya kufunguliwa, tarehe ya kuamuliwa na matokeo, na jina moja likiandikwa Fatma badala ya Fatuma huweza kupitwa na macho yaliyochoka. Asiyejua mahakama wala mwaka, au ambaye shauri lake ni la miongo iliyopita, ahesabu miezi. Hukumu nyingi za zamani za Mahakama za Mwanzo ziliandikwa kwa mkono, na kabla ya kuthibitishwa ni lazima ziletwe, zisomwe na zichapwe. Anayehitaji hati kwa ajili ya ubalozi mwezi ujao, na yuko kwenye kundi hili la mwisho, auandikie ubalozi mapema akiomba muda, akiambatisha barua ya mahakama inayoonyesha kwamba maombi yake yamepokelewa.

Tofauti ya makundi hayo inatokana na kitu kimoja, nacho ni habari aliyonayo mwombaji. Habari hiyo haipatikani kwa urahisi mkubwa kuliko siku hukumu inaposomwa, maana siku hiyo jalada liko mezani kwa hakimu, namba imetajwa kwa sauti, na karani anawafahamu wadaawa kwa sura. Barua ya kuomba nakala ni fupi. Inaelekezwa kwa Hakimu Mfawidhi, au kwa Msajili kama ni Mahakama Kuu. Kichwa chake kinatosha kusema: YAH: MAOMBI YA NAKALA YA HUKUMU NA TUZO, SHAURI LA NDOA NA. fulani LA MWAKA fulani. Ndani taja majina ya pande zote mbili kama yalivyo kwenye shauri, tarehe ya hukumu, jina la hakimu, idadi ya nakala unazotaka na namba yako ya simu. Andika mbili: moja ibaki mahakamani, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Kama kuna ada, utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo ulipie benki au kwa simu; risiti hiyo ibane pamoja na barua. Omba nakala zaidi ya moja zilizothibitishwa, kwa sababu ofisi nyingine huichukua ya asili isirudi.

Muhuri ule wa kupokelewa una faida nyingine inayowahusu wanaofikiria rufaa. Rufaa ya shauri la ndoa kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Sheria ya Ukomo wa Muda inaruhusu siku zilizotumika kungojea nakala ya tuzo zisihesabiwe, lakini mahakama itataka kuona tarehe uliyoomba na tarehe uliyopewa. Mtu aliyeomba kwa mdomo, akarudi mara tano akiambiwa bado, hana cha kuonyesha. Aliyeandika ana karatasi yenye tarehe. Haki ileile, hali ileile, mmoja anasikilizwa na mwingine anaambiwa amechelewa.

Hapa najua watakaonipinga, na pingamizi lao ni la haki. Watasema ushauri huu unamtwisha raia mzigo wa Serikali: mahakama ndiyo iliyoamua, mahakama ndiyo inayotunza jalada, kwa nini mwananchi akimbizane na nakala ya uamuzi unaomhusu? Nakubali kwamba utunzaji wa jalada ni wajibu wa mahakama, na jalada likipotea kosa si la mdaawa. Lakini utaratibu wenyewe ulivyojengwa unangoja maombi. Kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai zinasema nakala zilizothibitishwa za hukumu na tuzo hutolewa kwa wadaawa wanapoomba, na kwa gharama zao. Maana yake haki ipo, ila bila barua inalala kwenye jalada. Kumwambia mtu atulie kwa kuwa ana haki ni kumpotezea muda, na anayepata hasara ya kungoja ni yeye.

Wapo pia watakaosema kwamba siku ya hukumu si siku ya kuandika barua. Mtu amevunjiwa ndoa, amesikia mambo yake ya ndani yakisomwa mbele ya watu, pengine amenyang'anywa watoto au amegawiwa nyumba nusu; anachotaka ni kuondoka eneo lile. Hilo ni kweli, na ni la kuheshimiwa. Ndiyo maana nashauri barua iandikwe kabla, tarehe ya hukumu inapopangwa, ikiacha nafasi ya tarehe tu. Anaweza kuipeleka dada, mjomba, wakili au msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi hawa wanatambuliwa rasmi, na kwa wanawake wasio na nauli ya kurudi mahakamani mara mbili mtu huyo ni wa maana sana. Ikishindikana siku hiyo, iende ndani ya wiki ile. Kinachoumiza ni kuacha mwaka upite.

Kuna kundi kubwa ambalo ushauri wa kuomba nakala hauwasaidii hata kidogo, na ningependa tukae nao kidogo, kwa sababu hao ndio wanaopoteza muda mrefu kuliko wote. Ni wale walioachana nje ya mahakama. Mume ametoa talaka, imeandikwa kwenye karatasi mbele ya mashahidi, au imepitishwa kwa sheikh na kupewa hati. Au wazee wamekaa, mahari imerudishwa, kila upande umekubali. Kwa watu hawa ndoa imekwisha, na kwa dini yao au mila yao huenda imekwisha kweli. Sina neno juu ya hilo. Lakini Sheria ya Ndoa inasema ndoa inaendelea kuwapo mpaka ikomeshwe kwa kifo, kwa tamko la mahakama kwamba mwenzi anadhaniwa amekufa, kwa kubatilishwa, kwa tuzo ya talaka, au kwa talaka iliyopatikana nje ya nchi na kutambuliwa hapa. Karatasi ya talaka iliyotolewa nyumbani au ofisini kwa sheikh haimo katika orodha hiyo. Mtu huyu akienda RITA au masijala ya mahakama kuomba nakala, ataambiwa hakuna, naye atadhani imepotea. Atalipa mtu amtafutie, atarudi, ataambiwa tena hakuna. Haijapotea. Haijawahi kufika.

Njia yake ipo, na kwa Muislamu aliyekwisha kupewa talaka si ndefu kama anavyoogopa. Kwa kawaida shauri la talaka haliwezi kufunguliwa bila suala kupita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa na baraza kuthibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Uthibitisho huo ndio ile Fomu Namba 3 inayotajwa mahakamani kila siku. Mabaraza yapo kwenye kata, kwenye makanisa, na kwa Waislamu kupitia Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, BAKWATA. Sheria ina kifungu mahususi kwa ndoa za Kiislamu: baraza likithibitisha kushindwa, na baada ya hapo mmoja wao akafanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama hulitambua hilo na kuendelea kutoa tuzo ya talaka. Sikiliza mpangilio: baraza kwanza, talaka baadaye, mahakama mwishoni. Aliyeanza na talaka akaruka baraza itabidi arudi barazani. Kwa hiyo anayeulizwa hati ya talaka na ana karatasi ya sheikh tu asihesabu muda wa kunakili. Ahesabu muda wa baraza na wa shauri jipya, ambao ni miezi, na aanze sasa. Ile karatasi ya sheikh asiitupe. Ni ushahidi wake.

Naambiwa mara nyingi kwamba hoja ya kukaa na barua na mihuri imepitwa na wakati, kwa kuwa mahakama zimeingia kwenye mifumo ya kielektroniki na hukumu zinasomwa mtandaoni. Maendeleo hayo ni makubwa na yamepunguza safari nyingi. Mfumo mpya wa usimamizi wa mashauri ulianza kutumika mwaka 2023, na hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana kwenye tovuti ya TanzLII bila malipo. Lakini talaka nyingi huamuliwa kwenye Mahakama za Mwanzo, na mashauri ya kabla ya mfumo yamebaki kwenye makaratasi. Hukumu iliyopakuliwa mtandaoni nayo inakusaidia kujua namba, tarehe na jina la hakimu, jambo ambalo ni nusu ya utafutaji, ila haina muhuri wala uthibitisho kwamba ni nakala halisi. Ofisi inayotaka nakala iliyothibitishwa itakurudisha. Tumia mtandao kutafutia namba, halafu nenda kaombe.

Wengine hujibu kwa vitendo: humtafuta kishoka. Anakaa nje ya geti, anajua majina ya makarani, anaahidi siku mbili. Ubaya wake si fedha peke yake. Kishoka hana jalada. Akiwa mkweli, atafanya kazi ileile ambayo barua yako ingefanya, na akiwa si mkweli, atakuletea karatasi yenye muhuri wa kuchonga. Hati hiyo ikipelekwa kuthibitishwa kwa ajili ya matumizi ya nje ya nchi, mtu atapiga simu mahakamani kuuliza namba ya shauri, na namba hiyo haitakuwapo au itakuwa ya ugomvi wa shamba. Kuanzia hapo wewe si mwombaji tena, ni mtuhumiwa wa kughushi, na hati yako halali ikija kupatikana itatazamwa kwa shaka.

Nakala ikishapatikana, isome pale pale dirishani. Linganisha majina na yale yaliyo kwenye cheti cha ndoa na kitambulisho cha taifa. Tazama tarehe ya hukumu, muhuri, sahihi na maneno yanayothibitisha kuwa ni nakala halisi. Kosa la uandishi linaweza kusahihishwa na mahakama wakati wowote, hata miaka baadaye, lakini siku ile ni jambo la kurudisha karatasi kwa karani, na baada ya miaka ni maombi rasmi. Kisha, bila kungoja, peleka nakala hiyo RITA pamoja na cheti cha ndoa ili talaka isajiliwe. Sheria inamtambua Msajili Mkuu wa Ndoa na Talaka na inataka tuzo za mahakama zifike kwake. Nashauri mdaawa asitegemee kwamba karatasi itasafiri yenyewe. Faida ya hatua hii huonekana baadaye: aliyesajili ana mahali pa pili pa kuombea nakala, na jalada la mahakama likiliwa na mchwa au maji, kumbukumbu ya talaka yake ipo kwenye ofisi nyingine.

Zanzibar ina utaratibu wake, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko. Talaka za Waislamu hushughulikiwa na Mahakama za Kadhi, na kumbukumbu za ndoa na talaka ziko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Aliyefunga ndoa Unguja akaachania Tanga ajiulize talaka ilitolewa wapi, maana huko ndiko iliko karatasi. Kenya nako nakala hutolewa na mahakama iliyoamua, iwe ya hakimu au ya kadhi. Kosa la kawaida huko ni kuwasilisha amri ya awali, wakati kinachotakiwa na ofisi za ndoa na balozi ni ile ya mwisho.

Kwa Waswahili walioachania ughaibuni somo ni lilelile kwa lugha nyingine. Uingereza, kwa England na Wales, hati inayomaliza ndoa ilibadilishwa jina kuanzia Aprili 2022, kwa hiyo hati ya mtu aliyeachika 2015 na ya aliyeachika 2023 hazifanani kichwa ingawa zina nguvu moja. Mwenye namba ya shauri huiombea mahakama husika. Asiye nayo hulipia utafutaji, na ada huhesabiwa kwa kila kipindi cha miaka kumi inayopekuliwa. Kusahau mwaka kuna bei iliyoandikwa. Marekani ndiko kunakoonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Huko jalada hukaa kwa mahakama ya kaunti. Ofisi ya kumbukumbu ya jimbo la California ina taarifa za talaka zilizofunguliwa kati ya 1962 na Juni 1984 tu. Inachotoa ni cheti kinachotaja majina ya wadaawa, kaunti na namba ya shauri, kisichosema hata kama ndoa ilivunjwa, na ofisi yenyewe huwatahadharisha waombaji kwamba kukipata kunaweza kuzidi miezi sita. Nusu mwaka ya kungoja, ili upewe namba ambayo ungeiandika kwenye daftari siku ya hukumu. Mwenye nayo tayari anakwenda moja kwa moja kwa karani wa kaunti.

Anayeleta hati hizo nyumbani, au anayepeleka ya Tanzania nje, aongeze muda wa tafsiri na wa uthibitisho. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo imeandikwa kwa Kiswahili. Ubalozi wa nchi nyingine utataka tafsiri ya mtu anayetambuliwa, na mara nyingi uthibitisho wa Wizara ya Mambo ya Nje juu yake. Hatua hizi hufuatana, haziendi pamoja, kwa hiyo kuchelewa kwa nakala kunasukuma kila kitu mbele.

Wasio wadaawa nao huja kuomba: mtoto wa marehemu, mke mpya, msimamizi wa mirathi. Mashauri ya ndoa yana siri za watu, na karani ana haki ya kuuliza unaitakia nini. Jibu kwa maandishi, ukiambatisha kinachoonyesha uhusiano wako: cheti cha kifo, barua ya usimamizi wa mirathi, au cheti chako cha kuzaliwa. Omba tuzo tu kama tuzo inatosha. Ombi dogo lenye sababu hujibiwa haraka kuliko ombi la kulipekua jalada lote.

Na ikiwa jalada limepotea kweli? Usikubali jibu la mdomo kwamba halionekani. Omba mahakama iseme hivyo kwa maandishi, kwa sababu barua hiyo ni hati ya kuonyesha kwingine na ndiyo inayofungua njia ya kuliunda jalada upya. Mahakama hufanya hivyo kwa kukusanya nakala zilizoko mikononi mwa wadaawa, mawakili wao na ofisi nyingine zilizopokea uamuzi. Andika kwa Hakimu Mfawidhi, nakala kwa Mtendaji wa Mahakama, na uambatishe kila kilichobaki nyumbani: hati ya wito, risiti za ada, Fomu Namba 3, barua yenye muhuri wa kupokelewa, hata ile hukumu ya zamani isiyothibitishwa iliyokunjwa ndani ya daftari.